Eti mtoto wa kiume halii: tunachozaliwa nacho na tunachofundishwa

Hii mada ya tofauti za wanaume na wanawake ikiguswa tu watu wanagawanyika, hawa wanasema mwanaume na mwanamke kila kitu wamezaliwa nacho, wale wanasema yote ni malezi, na mi naona wote wanakosea.

Tuanze na ile ya ubongo, eti wanaume wana ubongo mkubwa kwahiyo wana akili zaidi. Ukubwa ni kweli, kwa wastani unazidi kama asilimia 10 hivi, ila ukija kwenye vipimo vya akili kwa ujumla wastani ni uleule. Alafu mwaka 2015 mtafiti wa ubongo Daphna Joel na wenzake walichambua picha za ubongo zaidi ya 1,400 zilizopigwa kwa mashine ya MRI, wakakuta watu wengi ni mchanganyiko, yaani kichwa kimoja hichohicho sehemu hii imekaa kama ya wanawake wengi na sehemu ile kama ya wanaume wengi.

Dhana nyingine ni kwamba wanawake wanaongea kuliko wanaume. Kuna utafiti ulitoka 2007, wanafunzi wa chuo 396 wa Marekani na Mexico walivaa vinasa sauti, wanawake wakapata wastani wa maneno 16,215 kwa siku na wanaume 15,669. Tofauti ya maneno mia tano na kitu kwa siku nzima, hiyo sio ya kumwita mtu mdomo.

Nguvu za mwili hapo sibishi, testosteroni, ile homoni ya kiume, ikipanda wakati wa balehe misuli inaongezeka na sauti inakuwa nzito, hiyo ni homoni.

Sasa inayoniuma ni ya kulia. Watu wanadhani mtoto wa kiume kazaliwa mgumu na wa kike kazaliwa mwoga. Mwaka 1976 watafiti waliwaonyesha watu wazima video ya mtoto wa miezi 9 anayechezea kisanduku ambacho kikifunguka kinyago kinaruka nje, mtoto anashtuka, mwishowe analia. Video ni ileile, mtoto ni yuleyule, ila walioambiwa ni wa kiume wengi walisema amekasirika, walioambiwa ni wa kike wakasema ameogopa. Hebu fikiria, mtoto hata kuongea hajaanza tayari tumeshamchagulia anachohisi, na anayeogopa unambembeleza ila aliyekasirika unamwacha atulie mwenyewe, anakua hivyo mpaka anakuwa baba wa watu asiyejua kusema nimeumia.

Lakini wale wa "yote malezi" nao wamjue David Reimer. Alizaliwa Kanada 1965 akiwa pacha wa kiume, tohara ikaenda vibaya akaharibiwa uume, na mwanasaikolojia John Money akawashauri wazazi wamlee kama msichana maana aliamini mtoto mdogo unaweza kumlea ukamgeuza utakavyo. Akapewa jina la kike, magauni, na baadaye homoni za kike. Kwa miaka mingi kisa chake kikatajwa kama ushahidi kwamba malezi yanatosha, kumbe mwenyewe alikuwa anateseka, magauni hayataki, shuleni hana raha, na alipofika miaka 14 baba yake akamwambia ukweli, akaamua palepale kuishi kama mwanaume.