Mwendesha baiskeli hapingi tramu, anahofia reli

Hapa Lubumbashi, mji uliofikiwa na reli mwaka 1910, mtu akisikia kwamba waendesha baiskeli wa Edinburgh, mji wa Scotland, waliilalamikia tramu (treni ya mjini inayopita barabarani) iliyoanza kazi mwaka 2014, ni rahisi kudhani kwamba wanachukia maendeleo. Si kweli. Wakazi wa Edinburgh walichoshwa na miaka ya kuchimbuliwa barabara. Hofu ya waendesha baiskeli ilikuwa nyingine, yaani mfereji ulio kando ya reli iliyozamishwa barabarani, unaoweza kumeza tairi jembamba, na chuma kinachoteleza wakati wa mvua. Anayevuka kwa mshazari huweza kuangushwa. Anayevuka karibu nyuzi 90 hupita kwa usalama zaidi. Wasafirishaji wetu wa makala (mkaa), wenye baiskeli zilizolemewa na magunia, wanastahili kulijua jambo hili.