Mchango wa hiari wenye bei

Ujumbe umeingia tena kwenye kundi la wazazi: "Mchango wa hiari wa ukuta wa shule, kila mzazi 20,000, mwisho Ijumaa." Hiari iko wapi hapo?

Mchango wa hiari ni kile mtu anachotoa kwa kuamua mwenyewe atoe au asitoe, na atoe kiasi gani. Mara nyingi huchangia kitu cha wote: ukuta ukisimama, unamlinda mtoto wa aliyetoa na wa asiyetoa.

Tabu iko kwenye neno lenyewe. Hiari tumeipata kwa Waarabu, mzizi mmoja na heri, na maana yake ni kuchagua. Mahali pasipo na vya kuchagua hapana hiari. Ukisema 20,000 au basi, umebakiza ndiyo na hapana, ukafuta 2,000, ukafuta 5,000, hata ile 50,000 ambayo mzazi mmoja angeitoa kwa moyo mweupe. Na kuchanga ni ndugu wa kuchanganya: kidogo cha huyu na kikubwa cha yule vinawekwa chungu kimoja. Viwango vikilingana kwa amri, hicho ni kitu kingine.

Tanzania neno hili limechakaa zaidi tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ufute ada na michango ya lazima katika shule za umma hadi kidato cha nne. Sasa kila kinachodaiwa kinaandikiwa "hiari".

Wapo watakaosema kiwango kimoja ndicho kinachojaza mfuko. Lakini mwaka 1999 watafiti Bram Cadsby na Elizabeth Maynes walichapisha majaribio ya vikundi vilivyochangia kitu cha pamoja chenye lengo la kufikiwa. Walioruhusiwa kutoa kiasi chochote walichanga zaidi, na wakalifikia lengo kwa urahisi zaidi, kuliko waliolazimika kutoa chote au kutotoa kabisa. Mimi sishangai. Mama mwenye 5,000 akisoma 20,000 hatumi pungufu, anaona aibu. Anakaa kimya, halafu tunamwita mgumu.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti wa kamati, ujumbe ujao utuandikie gharama ya ukuta na kilichokwisha patikana, kisha kwenye kiasi uache wazi. Kama 20,000 haipungui, liondoe neno hiari, utuite kikaoni tuizungumze.