Mrejesho wa wanachuo: maana yake na namna unavyoboresha ufundishaji

Mrejesho wa wanachuo ni taarifa ambazo wanafunzi humpa mkufunzi wao kuhusu jinsi somo linavyowafikia: wapi wanaelewa, wapi wanakwama, na ni kitu gani darasani kinachowasaidia au kuwazuia kujifunza. Unaweza kutolewa kwa dodoso, kwa kikaratasi kisicho na jina, kwa mazungumzo ya vikundi au kupitia mwakilishi wa darasa. Taarifa hizo zikiishia kwenye kabati la idara, mkufunzi asibadili kitu wala asiwajibu wanafunzi, kazi imekatikia njiani.

Wanachuo wengi wa Mtwara na Lindi, wawe wa ualimu, uuguzi, uhasibu au kilimo, wanaujua mrejesho kwa sura moja tu, ile fomu ya mwisho wa muhula yenye sentensi za kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Fomu za aina hiyo zina umri wa karibu miaka 100. Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1920, na kipimo cha kukubali au kukataa kwa ngazi tano kilitokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932. Fomu ni rahisi kujaza na rahisi kujumlisha. Tatizo lake kubwa ni wakati. Anayeijaza anafunga mizigo, na mabadiliko yakija atayakuta mwingine.

Ndiyo maana naona mrejesho wenye faida kubwa zaidi ni ule unaoombwa somo likiwa bado linaendelea, tuseme wiki ya nne au ya tano ya muhula. Chukua mkufunzi anayefundisha ukokotoaji wa vipimo vya dawa kwa wauguzi wa mwaka wa kwanza. Mtoto ameandikiwa miligramu 400, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Ubaoni darasa zima linaitikia 8. Siku ya jaribio, namba zikibadilishwa, wengi wanakosea. Mkufunzi huyu akingoja fomu ya mwisho wa muhula, atapata habari wakati wanafunzi wake wameshapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Akitumia dakika mbili za mwisho wa kipindi, mambo yanakuwa tofauti. Kila mmoja anaandika, bila jina, jibu la swali moja: leo ni wapi hukuelewa? Vikaratasi vinakusanywa mlangoni. Akivisoma jioni anakuta wengi wanasema jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwamba wanafuata hatua za mfano wa ubaoni bila kujua kwa nini namba hii inagawanywa kwa ile. Kipindi kinachofuata anaanza kwa kuwataka wakadirie kabla ya kugusa kanuni: jibu litazidi mililita 5 au litapungua? Kwa nini? Kisha wanakokotoa wawili wawili, naye anazunguka akiangalia madaftari. Njia hii ya kikaratasi inahusishwa na Charles Schwartz, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Swali la "wapi pamekuwa pagumu zaidi" linahusishwa na Frederick Mosteller, mwanatakwimu wa Harvard. Inachohitaji ni karatasi na kalamu tu, kwa hiyo chuo chenye intaneti ya kusuasua hakina cha kukikwaza.

Swali lenyewe likiwa bovu, majibu hayana kazi. "Je, umeridhika na somo?" huleta "ndiyo", "sawa" na "nzuri". Uliza kinachoweza kutendewa kazi: kasi ya somo ikoje, mfano gani ulikusaidia, kazi ya kundi ilikwama wapi. Na waachie wanafunzi waandike kwa Kiswahili hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Tandahimba au Liwale anayejua hasa kinachomsumbua atakieleza kwa mistari mitano kwa lugha anayoimudu. Kwa Kiingereza ataandika neno moja na kurudisha karatasi.

Halafu kuna woga, na huu ni wa kweli. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mwalimu hakosolewi mbele za watu, tena anayeombwa kukosolewa ndiye huyohuyo anayesahihisha mtihani. Katika darasa la watu kumi na tano, kuficha jina hakusaidii sana, maana miandiko inajulikana. Kwa madarasa kama hayo inafaa njia iliyoasisiwa na Joseph Clark katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mkufunzi anatoka nje na mwenzake wa idara nyingine anaingia. Wanafunzi wanakaa katika vikundi vidogo na kujibu maswali matatu: nini kinatusaidia kujifunza, nini kinatukwamisha, tunapendekeza nini. Kila kundi linasoma majibu yake, darasa linakubaliana yapi ni ya wengi, na yule mwenzake anampelekea mkufunzi hoja bila majina. Nusu saa inatosha. Lawama za mtu mmoja mwenye hasira huchujwa na wenzake palepale, na mwanafunzi mkimya analindwa na kundi lake.

Kwetu huku kusini kuna jambo jingine la kuangaliwa. Msimu wa korosho, ambao mavuno yake hushika kasi kati ya Oktoba na Desemba, ndio unaobeba ada za familia nyingi. Mzazi anasubiri mnada na malipo ya chama cha ushirika, na mtoto anaweza kuchelewa kuripoti au kukamilisha usajili. Pale fomu inapopatikana kwenye mfumo wa kompyuta kwa waliosajiliwa tu, sauti yake inakosekana, naye ndiye aliyekosa vipindi vya mwanzo na mwenye mengi ya kusema kuhusu pengo alilo nalo. Kikaratasi cha darasani kinampata.

Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa mambo aliyoyaona na kuyasikia: kama mkufunzi anawahi, kama maandishi yanasomeka, kama kazi zinarudishwa zikiwa zimesahihishwa, kama mvua ikipiga bati kule nyuma hawasikii kitu. Si shahidi mzuri wa usahihi wa maudhui. Mwaka 1970, huko Marekani, watafiti walimtambulisha mwigizaji kama Dk. Fox, akatoa mhadhara uliochangamka lakini usio na maana yoyote mbele ya wataalamu wa afya na elimu. Walimpa alama nzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu kozi ya mtandaoni ambapo wakufunzi walibadilishana majina, na aliyedhaniwa mwanamume akapewa alama za juu kuliko aliyedhaniwa mwanamke. Mwingine, wa wanafunzi wa fizikia Harvard mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, ila wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu.

Huu wa mwisho naomba kila mkuu wa idara aufikirie. Mkufunzi anayewatoa jasho wanafunzi wake anaweza kupata alama za chini kwa sababu anafanya kazi yake. Kumpandisha cheo au kumnyima mkataba kwa wastani wa fomu peke yake ni kumwonea. Wastani wa 3 unaweza kumaanisha kila mtu aliona somo la kawaida, au nusu ya darasa walitoa 5 na nusu wakatoa 1, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Tofauti ya 3.9 na 4.1 katika darasa ambalo theluthi tu wamejaza haisemi kitu. Mkuu wa idara aketi pia nyuma ya darasa siku moja, aangalie na mitihani inayotungwa.

Baada ya kusoma, mkufunzi ayagawe aliyoambiwa katika mafungu matatu: ya kubadili sasa, ya kubadili muhula ujao, na yasiyobadilika. Kipindi kinachofuata atumie dakika chache kuyasema yote matatu. "Mmeomba niache mifano ubaoni kwa muda mrefu zaidi, nitafanya hivyo kuanzia leo. Mmeomba majaribio yapungue. Hayatapungua, kwa sababu idadi yake imepangwa kwenye mtaala, ila nitawapa tarehe mapema." Wanafunzi wakijibiwa hivyo, mara ya pili wataandika kwa undani zaidi.

Ni vyema pia asiyasome peke yake. Peter Cohen, katika uchambuzi wake wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 1980, aliona kwamba wakufunzi waliopewa matokeo ya fomu pamoja na mtu wa kujadiliana naye waliboreka zaidi kuliko waliokabidhiwa karatasi tu. Katika chuo kidogo mtu huyo yupo chumba cha pili: mwalimu mzoefu anayeaminika, asiye bosi wake, aliye tayari kukaa naye alasiri moja wakipitia vikaratasi kimoja kimoja na kuamua kitu kimoja au viwili vya kuanza navyo Jumatatu.