Kabla Hujaniambia Nikupigie Windows

Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja alishuka kwenye basi la kutoka Kasulu akaja moja kwa moja ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, begi la kompyuta kalikumbatia kifuani kama kichanga. Hata kiti sijamkaribisha, akasema: "Fundi, paswedi ya admini imepotea. Nipigie tu Windows."

Nikamwuliza humo ndani mna nini. Alama za wanafunzi za miaka mitatu, maazimio ya kazi, picha za harusi. Kuna nakala mahali pengine? Hakuna. Sasa nani kakwambia dawa ni kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuiweka upya? Akanishangaa: "Kwani si ndivyo inavyokuwa?"

Sivyo, mwalimu. Na kwa kuwa wewe ni wa nne mwezi huu, leo naandika, ili wa tano nimtumie linki ninywe chai yangu.

"Paswedi ya admini imepotea" ni kama kumwambia daktari "tumbo linauma". Kuna aliyesahau nenosiri la kuingilia. Kuna anayeingia vizuri kila siku lakini akaunti yake imeshushwa cheo, si admini tena, haina ruhusa ya kuweka programu wala kugusa mipangilio mikubwa. Na kuna ambaye admini yupo, mzima wa afya, ila ni mtu mwingine kabisa. Huyu wa tatu ndiye anayeninyima usingizi, nitamfikia.

Mwalimu alikuwa wa kundi la pili. Aliwasha mbele yangu, akabonyeza PIN, akaingia. Hakuna kilichopotea! Nikajaribu kuweka programu ya printa, likatokea lile dirisha la kuomba ruhusa: kitufe cha "Yes" kimefifia na hakibonyezeki, na hakuna hata kisanduku cha kuandikia nenosiri. Ukiona hivyo, kompyuta inakwambia haina admini hata mmoja aliye hai wa kumwomba ruhusa. Unatafuta ufunguo wa mlango usio na kitasa.

Ilifikaje hapo? Video za mtandaoni. Tangu Windows Vista ya 2007, akaunti ya asili inayoitwa Administrator huja imezimwa. (Enzi za Windows XP, ile ya nyumbani, uliingia hali salama, yaani Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, ukaikuta imekaa inakusubiri, haina hata nenosiri. Tulifaidi.) Video ya kwanza ikamfundisha mwalimu kuiamsha kwa amri. Ya pili ikamwambia kwa usalama asitumie akaunti ya admini kwa kazi za kila siku, akajishusha. Ya tatu ikamwonya kwamba kuacha Administrator wazi ni hatari, akaizima. Kila ushauri peke yake ni sahihi, hata mimi ningeutoa. Ukizifuata video zote tatu kwa mpangilio huo, umejifungia nje. Windows yenyewe ina akili kidogo: ukiwa admini peke yako, inakukatalia kujishusha. Lakini Administrator akiwa ameamka inahesabu mko wawili, inakuachia. Baadaye unamzima yule mwingine, basi.

Dawa yake ndiyo inayonikera watu kutoijua, maana Microsoft waliiweka humo humo. Kwenye skrini ya kuingilia shika Shift, chagua kuwasha upya, pita kwenye kutatua matatizo mpaka mipangilio ya kuwasha, ingia hali salama. Kama mashine si ya mtandao wa ofisi, na admini wote wengine wameshushwa au wamezimwa, hali salama inamruhusu Administrator aliyezimwa aingie. Abaki admini mmoja tu hai, hata kama humjui, mlango huo haufunguki. Ukishaingia, fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), ni mstari mmoja:

net localgroup administrators jina /add

Hapo kwenye "jina" weka jina la akaunti kama linavyoonekana ukiandika net user, si jina la folda yako. Folda na akaunti hutofautiana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nikiri kitu. Nimekutana na mashine mbili ambazo masharti yote yalitimia na Administrator hakutokea. Ilibidi niwashe kwa flashi na kuhariri rejistri, daftari la mipangilio ya Windows, Windows yenyewe ikiwa haijawashwa. Zilipona, lakini hadi leo sina maelezo yanayoniridhisha. Ukikutana na fundi asiyekutana na mambo ya namna hii, mwulize ameanza kazi lini.

Aliyesahau nenosiri nitampitia haraka. Kama akaunti ni ya Microsoft, nenda ukabadilishe mtandaoni kwa simu, huhitaji fundi. Kama ni ya humo humo kwenye mashine na uliwahi kujaza yale maswali matatu ya usalama, yatakutoa. Yapo tangu Windows 10 ya 2018, na watu huyajaza majibu ya utani kisha wakalia. Vinginevyo kuna namna ya kubadilisha kwa nguvu, na hapa mafundi wenzangu hamsemi ukweli. Nenosiri likibadilishwa kwa nguvu, vitu ambavyo Windows ilivifunga kwa lile la zamani havifunguki tena: mafaili yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa kwa fumbo, kwa EFS ya Windows, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Nilimfanyia hivyo mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. Dakika kumi, nikapokea hela yangu kwa tabasamu. Kesho yake akarudi: barua pepe haiingii, nywila yake ilikuwa inakumbukwa na kivinjari tu. Sikumwonya kwa sababu siku hiyo sikufikiria. Siku hizi naonya kwanza, na wengine wanaondoka kwenda kujaribu kukumbuka. Wapo wanaokumbuka.

Sasa wa tatu. Unanunua kompyuta, kijana wa dukani anakuwashia mara ya kwanza. Windows 11 ya Home inang'ang'ania akaunti ya Microsoft, wewe huna, anaweka ya kwake "kwa muda". Au anakufungulia mpya kwa laini yako ya simu ambayo uliitupa mwaka uliofuata. Mwenye kompyuta kwenye karatasi ni wewe. Mwenye cheo ni barua pepe ya mtu mwingine. Na mashine nyingi za sasa husimba diski kimyakimya mara tu akaunti hiyo inapoingia, kisha ufunguo wa kuokolea, tarakimu 48, unatumwa huko huko kwenye akaunti ya kijana.

Siku ukiingia hali salama, au fundi akigusa mpangilio wa BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, skrini ya bluu inakuomba zile tarakimu 48. Watu huniambia ni virusi. Ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, inafanya kazi yake. Hapo ujanja wangu wote umekwisha, na ukipiga Windows utapata kompyuta nzuri tupu; mafaili hayarudi kwangu, kwako, wala kwa fundi wa Dar. Dawa ni kumtafuta yule kijana akiwa bado anapokea simu. Leo, usingoje ifunge.

Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote huuliza pia risiti, au nikuambie unitajie mafaili mawili matatu yaliyomo. Wapo wanaokasirika. Wizi wa kompyuta upo, na akaunti ya mtu mwingine inafanana sana na kompyuta ya mtu mwingine. Sina njia ya uhakika ya kutofautisha. Nimewahi kumrudisha mtu ambaye nadhani alikuwa mkweli.

Mwalimu nilimaliza naye kwa dakika ishirini na tano, nyingi zikiwa za kuhamishia alama zake kwenye flashi. Cheo kikarudi, nikamtengenezea admini wa pili, nenosiri lake kaliandika nyuma ya daftari la maandalio. Printa ikakubali. Nikamtajia bei.

Akaitazama skrini, picha ya harusi iko pale pale ilipokuwa. "Punguza basi, fundi. Kwani si hujapiga Windows?"