Je, wajua kwa nini mtu wa bipola, ule ugonjwa wa mudi kupanda kupita kiasi (mania) na kushuka (sonona), anaonekana ametulia ila bado hayuko sawa?

Jumamosi nililoweka nguo kwenye beseni, leo Jumatano, nguo bado zimo na maji yameanza kunuka. Silii, sijashinda kitandani, kazini nimeenda, wali nimekula, mtu akiniuliza vipi namjibu poa. Ila lile beseni nalipita kila asubuhi kama vile ni la jirani. Hiyo ndo sonona ndogo ya bipola, haikuangushi ila haitoki, na wengi wetu tunajiuliza swali hilo hilo, dawa nameza, mania iliisha kitambo, sasa huku kujiburuza kunatoka wapi?

Watu wakisikia bipola wanawaza ule upande wa juu, mtu hajalala siku tatu, anaongea kama redio, anagawa hela, usiku mmoja kaanzisha biashara tano. Kumbe huo ndo upande mdogo. Marekani kulikuwa na dokta anaitwa Lewis Judd, yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 146 wa bipola aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, kwa karibu miaka 13, wiki kwa wiki, majibu yakatoka 2002. Karibu nusu ya wiki zote watu walikuwa na dalili, na kwenye kila wiki 100, kama 32 zilikuwa za sonona, za mania 9 tu. Aina ya pili, ambayo kupanda kwake hakufiki mania kamili, ndo usiseme, kwenye utafiti wao mwingine sonona peke yake ilikula nusu ya wiki zote. Na sehemu kubwa hazikuwa dalili za kulazwa, zilikuwa hizi ndogo ndogo za beseni, karibu mara tatu ya zile kali. Kwa hiyo unapoitwa mvivu, au unapojiita mwenyewe (mimi najiita sana), jua huu ndo ugonjwa wenyewe ukiwa kwenye siku zake za kawaida.

Tatizo hakuna anayeiona. Ukiwa juu walikukimbiza hospitali, ukirudi umepoa wanamshukuru Mungu. Mama yangu mdogo aliwahi kuwaambia wageni, na mimi nipo pale pale nasikia, "huyu sasa hivi ametulia mashallah, kama maji ya mtungini." Ni kweli nilikuwa nimetulia, hata taarabu nilikuwa siisikii utamu. Na sisi wenyewe tunajipunja, maana tunajipima na yule mtu wa wakati wa mania aliyekuwa anafua nguo za nyumba nzima saa tisa usiku. Ukijipima naye kila siku utajiona umekufa nusu, halafu ndo hapo mtu anaanza kuruka dozi ili amrudishe.

Kwa nini inabaki? Moja, dawa nyingi za bipola zinajua zaidi kukuzuia usipande kuliko kukuinua ukiwa chini. Mbili, baadhi zinalaza, unaamka kichwa kizito ukadhani ni huzuni. Tatu, na hili nalirudia kwa kila ninayekutana naye kliniki, lithiamu, dawa ya bipola wanayopewa wengi, inaweza kuipunguza nguvu ile tezi ya shingoni, thairoidi, na tezi ikilegea unachoka, unanenepa, unasikia baridi, huna hamu ya kitu, yaani huwezi kutofautisha na sonona. Kipimo ni cha damu tu, uliza lini ulipimwa mara ya mwisho. Na ukiwa kwenye lithiamu usijinunulie diklofenaki au brufeni hovyo kwa ajili ya mgongo, zinaweza kuipandisha lithiamu kwenye damu mpaka ikawa sumu.

Sasa kishawishi kikubwa ni kwenda duka la dawa kuomba vidonge vya sonona. Usiende. Kwa mtu wa bipola, hasa akivimeza peke yake bila dawa ya kutuliza mudi, vinaweza kumrusha mania. Na hata vikichanganywa nayo, utafiti wa Gary Sachs wa 2007 kwa watu 366 haukuona faida, waliopewa vidonge hivyo kama 24 katika 100 walipata nafuu ya kudumu, waliopewa vidonge vya uongo, visivyo na dawa ndani, 27. Kuna dawa nyingine zinazosaidia upande wa chini, ila hizo dokta ndo apange.

Kilichonisaidia mimi ni saa. Mtaalamu wa saikolojia Ellen Frank kule Pittsburgh, Marekani, alitengeneza tiba nzima ya kupanga siku, kuamka, kula, kuonana na watu na kulala muda ule ule, na 2005 walionyesha kwamba waliofundishwa hivyo walikaa muda mrefu zaidi bila kuumwa tena. Mimi naamka saa 12 na nusu hata Jumapili, nimelala vibaya au vizuri, nakunywa chai nje kwenye mwanga, halafu naandika kwenye kidaftari masaa niliyolala na mudi kuanzia 0 mpaka 10. Wiki nzima ikiwa 4, 4, 3, 4 naenda nacho kliniki, maana ukifika mbele ya dokta bila kidaftari unasema tu "naendelea vizuri" na anakuamini.

Kingine, usisubiri hamu. Kwenye sonona hamu inakuja nyuma ya kazi, tena wakati mwingine inachelewa kweli kweli, kwa hiyo unakikata kitu mpaka kiwe kidogo cha aibu. Sifui beseni, nafua soksi. Ila ukianza kuona bora usingekuwepo, hapo sio ndogo tena, usingoje tarehe ya kliniki, mwambie mtu leo leo mwende hospitali.

Jioni hii nimemwaga yale maji, nimeweka mapya, soksi mbili na fulana moja ziko kwenye kamba. Jinzi bado imo.