Asteroidi: zinakaa wapi, na jinsi ya kuiona Vesta ukiwa Dodoma

Ile picha ya mawe yaliyosongamana angani huku chombo kikikwepa kushoto na kulia ni ya sinema tu. Ukanda wa asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua, upo kweli, kati ya Mirihi na Mshtarii, kuanzia kama kilomita milioni 310 hadi 490 kutoka kwenye Jua, ila ni mtupu kuliko watu wanavyodhani. Asteroidi zenye upana wa kuzidi kilomita moja zinakadiriwa kuwa milioni moja na ushee, lakini kwa wastani kutoka moja hadi jirani yake ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Mwezini. Chombo cha anga cha Marekani, Pioneer 10, kilikatiza humo mwaka 1972 na kutoka salama mwanzoni mwa 1973.

Wapo wanaoshikilia kwamba ni mabaki ya sayari iliyopasuka. Uzito wenyewe unalikataa wazo hilo: ukizoa kila kitu kilichomo humo, hupati hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi. Theluthi hivi ya uzito huo ni Ceres peke yake, ambayo mwanafalaki Giuseppe Piazzi aliigundua akiwa Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801. Hii ni malighafi ya sayari ambayo haikuwahi kuundwa, kwa sababu uvutano wa Mshtarii ulizidi kuyavuruga mawe hayo hadi yakawa yanagongana na kuvunjika badala ya kushikamana.

Mshtarii bado anaupanga ukanda huo mpaka leo. Mwaka 1866 mwanafalaki Mmarekani Daniel Kirkwood alionyesha kuwa kuna umbali fulani kutoka kwenye Jua ambako asteroidi ni adimu sana. Chukua kilomita milioni 375. Asteroidi iliyo hapo hulizunguka Jua mara tatu wakati Mshtarii anazunguka mara moja, kwa hiyo mivuto ya Mshtarii inairudia kwa mpangilio uleule. Mvuto mmoja si kitu. Ikirudiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka, njia ya asteroidi inarefuka kama yai, mwishowe inakatiza njia ya Mirihi, kisha ya Dunia. Sehemu hizo adimu, ziitwazo mapengo ya Kirkwood, basi, ndizo mlango ambao sehemu kubwa ya asteroidi za jirani zetu zimepitia.

Na nini kinazisukuma hadi mlangoni? Joto. Upande uliopigwa na Jua hutoa joto lake ukiwa umeshageuka kidogo, na joto linalotoka husukuma jiwe kwa nguvu ndogo mno. Kwa asteroidi Bennu, yenye upana wa nusu kilomita hivi, msukumo huo umepimwa: unaisogeza mita 284 hivi kwa mwaka. Kwangu hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote katika somo hili, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Anayetaka kugusa matokeo aende Mbozi, mkoani Songwe. Kimondo kile cha tani 16 hivi ni chuma chenye nikeli. Chuma hujitenga na mwamba pale tu kitu kinapoyeyuka na kizito kikazama katikati, kwa hiyo unachokiona pale ni sehemu ya kiini cha kijisayari kilichovunjika zamani.

Sasa Vesta. Ina kipenyo cha kilomita 525 na ndiyo asteroidi inayong'aa kuliko zote za ukanda. Hukaa upande wa anga ulio kinyume kabisa na Jua kwa mtazamo wetu, na hivyo kung'aa vizuri, kila baada ya miezi 17 hivi; ilikuwa hivyo Mei 2025, na zamu inayofuata inaangukia kuelekea Oktoba 2026. Kwa Dodoma ni bahati, mvua zinakuwa bado. Shida ya msimu huo ni vumbi la upepo na moshi wa mashamba, hivyo subiri hadi usiku wa manane nyota ziwe zimepanda juu.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele ni milimita 50) inatosha. Toka nje ya taa za mjini, Hombolo au upande wa Bahi panafaa, tandika mkeka ulale chali ili mikono isitetemeke, kisha yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Tochi ya simu ifunike kwa nailoni nyekundu.

Ukitumia Stellarium, programu inayoonyesha ramani ya anga, hakiki mambo mawili: mahali pawe Dodoma, na saa iwe ya Afrika Mashariki. Halafu sasisha data za njia za asteroidi ndani ya programu. Data zikiwa za zamani, alama ya Vesta itakaa pembeni ya ilipo kweli, nawe utakesha ukiangalia nyota ya kawaida. Chora kwa penseli nyota zote unazoziona kwenye duara la darubini, rudia baada ya siku mbili au tatu. Nukta iliyosogea ndiyo yenyewe. Siku hizo husogea kama nusu ya upana wa Mwezi kwa siku.

Kuhusu Apophis, asteroidi itakayopita karibu na Dunia, zile jumbe za WhatsApp za mwisho wa dunia zifute. Vipimo vya rada vya Machi 2021 viliondoa uwezekano wa kutugonga kwa angalau miaka 100. Itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya setilaiti za televisheni, saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029. Ianze kutafutwa mapema, kabla ya saa hiyo, maana kwetu itakuwa ikikimbilia magharibi. Itaonekana kwa macho matupu, na Mwezi hautakuwepo. Kitakachoweza kuharibu ni mawingu tu, kwa kuwa Aprili masika huwa hayajaisha. Kaa tayari kusafiri kufuata anga safi.