Boti hewa: wanayoyaamini wanunuzi wa boti zilizotumika mtandaoni, na ukweli ulivyo

Anayekuuzia boti hewa hana haja ya kuwa na boti. Anahitaji picha za boti ya mtu mwingine, karatasi tatu nne, simu inayopokelewa, na haraka ya kukutia. Wengi wanaopigwa si wajinga wala si walafi. Ni watu waliokagua. Tatizo ni kwamba walikagua kwa vifaa walivyokabidhiwa na muuzaji mwenyewe: namba ya simu aliyoitoa yeye, mkaguzi aliyemtaja yeye, tovuti ya malipo aliyoituma yeye. Mwizi wa aina hii haji peke yake, huja na mashahidi wake. Dhana nyingi zilizozoeleka zinavunjika hapo hapo.

"Bei ya kutupa ndiyo ya kuogopa. Hii ni ya kawaida tu."

Bei ya kutupa hufukuza wengi kuliko inaowanasa. Tapeli mzoefu hutazama boti za aina hiyo zinauzwaje, kisha hushusha kidogo, kiasi cha kukufanya uone umepata, si kiasi cha kukufanya ushangae. Pengo linalobaki hulijaza kwa kisa. Mwenye boti amefariki na mjane hana habari za bahari. Ndoa imevunjika na mali lazima igawanywe. Amehamishwa kikazi nchi ya mbali na boti imebaki imefunikwa turubai.

Mambo haya hutokea kweli, ndiyo maana yanafaa kwa kazi yake. Usipime kama kisa kinasikitisha, pima kinafanya kazi gani. Kikiwa kinajibu maswali ambayo hujauliza bado, kwa nini huwezi kuiona boti wiki hii na kwa nini mwenyewe hatakuwepo, basi shuku.

"Nimetumiwa picha arobaini na video, kwa hiyo boti ipo."

Ipo, ndiyo. Ila si yake. Picha huchukuliwa kwenye tangazo halali, mara nyingi la nchi nyingine au la boti iliyouzwa miaka iliyopita. Kutafuta kwa picha kwenye intaneti husaidia, lakini matapeli wanajua hilo na hugeuza picha kushoto kulia ili isitambulike. Kwa hiyo tazama maandishi: jina lililoandikwa kwenye boya la kujiokolea, herufi za usajili ubavuni, chapa ya injini. Yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa. Hata upande ulipo usukani unaweza kukwambia kitu, ukilinganisha na picha za mtengenezaji.

Video iliyorekodiwa haina uzito. Omba simu ya video ya papo hapo, na wewe ndiye uongoze: nenda shetri, yaani nyuma ya boti, soma namba, rudi bila kukata, funua injini, weka kiganja juu yake nione kama ni baridi, sasa iwashe. Injini iliyopashwa moto kabla ya wewe kupiga inaficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Kisha afunue ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Wahenga wamesema tezi na omo marejeo ni ngamani. Mnunuzi wa boti angeanzia huko huko, maana huwezi kujua siri ya boti mpaka umeona maji yaliyotuama chini yake, kama yana mafuta, kama yana kutu.

Na hilo nalo lina mwisho wake. Mtu anaweza kukodi boti kwa siku moja, akasimama juu yake na kukuonyesha kila kitu unachotaka. Video inathibitisha kwamba amefika kwenye boti, basi.

"Namba za kwenye bodi ni mambo ya watu wa ofisini."

Hapa ndipo mnunuzi mwenye subira anapowashinda matapeli wengi, na ajabu ni wachache wanaojisumbua. Boti za kiwandani hubeba namba ya utambulisho wa bodi, yaani wa gamba lenyewe la boti. Marekani ilianza kuitaka mwaka 1972, na huko ina herufi na tarakimu 12. Kiwango cha kimataifa, ISO 10087, huongeza alama ya nchi mwanzoni na kuifanya 14. Hukaa shetri, sehemu ya juu, upande wa kulia ukiwa umetazama mbele.

Tuisome ile ya Marekani. Alama tatu za mwanzo ni za mtengenezaji. Tano zinazofuata ni za boti yenyewe, na humo hutakuta herufi I, O wala Q, kwa kuwa hufanana mno na 1 na 0. Nne za mwisho ni tarehe. Chukua H314: A ni Januari, kwa hiyo H ni Agosti, 3 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, yaani 2013, 14 ni mwaka wa modeli, 2014. Sasa mtu akikutangazia boti ya 2019 na namba inaishia H314, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Angalia pia namba imekaaje. Rangi mpya kuizunguka peke yake, faiba iliyosagwa, kibao kilichofungwa kwa skrubu mahali ambapo kila boti ya aina hiyo ina maandishi yaliyogandamizwa: hayo hayatokei yenyewe. Tangu 1984 kanuni za Marekani zinataka namba hiyo irudiwe sehemu ya pili iliyofichika, na fundi anayeijua aina ya boti anaweza kujua pa kuchungulia. Injini za nje nazo zina namba yao kwenye mabano ya kufungia, na nyingi huirudia kwenye kizibo kidogo cha chuma kwenye bloku. Kibao kikiwa kimeng'olewa, nenda kwenye kizibo.

Vyombo vikubwa hutumia namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba, na hii ina mtego ndani yake. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio, jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Jaribu 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, na namba inaishia 9. Namba iliyotungwa kizembe huanguka hapo, na hesabu yenyewe unaifanya nyuma ya bahasha.

Tapeli anaweza kuinakili namba halali pamoja na picha, bila shaka. Lakini sasa una swali la kwenda nalo kwa msajili, kwa kampuni ya bima, au kwa wakala wa mtengenezaji umuulize boti hiyo ilitoka kiwandani na rangi gani na injini gani. Boti za mbao zilizoundwa kwa mkono mara nyingi hazina namba hii kabisa. Huko utategemea karatasi, injini, na mafundi walioikalafati, yaani walioziba nyufa za mbao zake.

"Nimeiona kwa macho, nimeipanda, nimeongea na aliye nayo. Hapo sidanganyiki tena."

Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu hauna kitu cha uongo cha kushika.

Tapeli anaona tangazo halali. Anampigia mwenye boti: naichukua kwa bei yako, sipunguzi hata kidogo, nitamtuma shemeji yangu aje aione, ila tuna deni kati yetu na hii boti ndiyo inalimaliza, kwa hiyo nakuomba usimtajie bei. Kisha anaweka tangazo lake mwenyewe, boti ile ile, bei ya chini. Wewe unapiga. Anakwambia boti ni yake, iko kwa binamu yake, na karatasi zina jina la binamu kwa kuwa yeye hakuwepo wakati wa usajili. "Atapata kamisheni yake, lakini bei halisi haijui, naomba usimwambie."

Unafika. Boti ipo. Injini inaunguruma vizuri, karatasi ni za kweli, jina linalingana na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako. Wote wawili mna adabu, kila mmoja anatunza siri ya mtu asiyekuwepo. Unamtumia pesa yule wa kwenye tangazo, pale pale ukiwa umesimama juu ya sitaha. Baada ya nusu saa mwenye boti anauliza mbona hazijaingia, na tangu dakika hiyo kila mmoja anamwona mwenzake mwizi.

Dawa yake ni sentensi moja, iulizwe uso kwa uso kabla ya pesa kutoka: "Boti hii unaiuza kiasi gani wewe, na pesa ziingie kwa nani?" Muuzaji yeyote anayekukataza kuzungumza bei na mtu mwenye ufunguo mkononi, mwache hapo hapo.

"Ripoti ya mkaguzi ninayo."

Nani alikutumia? Ripoti ya zamani ya boti nyingine hubadilishwa jina na tarehe kwa dakika kumi. Mtafute mkaguzi kwa njia yako, si kwa namba iliyo kwenye ripoti, umuulize kama aliikagua boti yenye namba hii siku hii. Anaweza kukataa kukueleza alichokikuta, kwa kuwa ripoti ni ya aliyemlipa. Swali la kama aliikagua ni jepesi zaidi kujibu. Kisha lipia ukaguzi wako. Utakuonyesha pia boti iliyozama kwenye dhoruba ikasuguliwa ikang'aa, jambo ambalo picha haziwezi kusema.

"Iko kwenye rajisi kwa jina lake, imetosha."

Usajili na umiliki si kitu kimoja kila mahali. Uingereza, kwa mfano, ina rajisi ya vyombo vidogo iitwayo Sehemu ya III ambayo haithibitishi umiliki, na ina Sehemu ya I inayouthibitisha, ambako chombo hugawanywa hisa 64. Mtu anaweza kuwa na hisa 32 na akakuuzia zote kwa mdomo. Omba mnyororo wa hati za mauzo, kutoka kwa mnunuzi wa kwanza hadi kwake, na pakikosekana kiungo kimoja uliza kimeenda wapi.

Madeni nayo ni balaa la pekee. Katika sheria za bahari za nchi nyingi, madai fulani hukifuata chombo na si mtu: mishahara ya mabaharia isiyolipwa, gharama za waliokiokoa baharini. Kikibadilisha mwenyewe, deni linabaki limekishika. Ukinunua bila kuuliza, umenunua na wadai.

"Tunapitia kampuni ya kushika amana, na tovuti yao ina kufuli."

Wazo la mtu wa tatu kushika pesa mpaka boti ikabidhiwe ni zuri sana, ndiyo maana matapeli wanalipenda. Hutengeneza tovuti nzima ya amana, yenye namba ya kufuatilia muamala na mhudumu anayejibu kwa upole. Kile kifuli kidogo kwenye kivinjari kinasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti yamefumbwa wengine wasiyasome. Hakisemi unazungumza na nani, na cheti chake hupatikana bure. Angalia jina la tovuti limesajiliwa lini. "Kampuni ya miaka ishirini" yenye jina la wiki tatu imejieleza yenyewe. Afadhali zaidi, mshika amana umchague wewe. Muuzaji wa kweli atabishana kuhusu ada, tapeli atabishana kuhusu jina.

"Ni arubuni kidogo tu, ya kuizuia isichukuliwe."

Arubuni ndogo kutoka kwa watu thelathini ni bei ya boti. Hana haja ya malipo yako kamili.

"Dalali huyu namjua, ankara imetoka kwenye barua pepe yake."

Inaweza kuwa imetoka kweli kwake, huku mtu mwingine akiwa ndani ya sanduku lake la barua kwa majuma kadhaa, anasoma kimya. Siku ya malipo unaletewa ankara ile ile, nembo ile ile, ila akaunti imebadilika "kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu". Mpigie dalali kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, akusomee akaunti kwa sauti. Usidhani benki itagundua kwamba jina halilingani: kwa miaka mingi uhamisho ulifuata namba peke yake. Benki za Uingereza zilianza kulinganisha majina 2020, na za nchi zinazotumia yuro katika Umoja wa Ulaya zikalazimishwa Oktoba 2025. Kwingineko uliza kwanza.

"Zikishatumwa, zimekwenda."

Si mara zote. Saa za mwanzo zina thamani: piga benki yako kabla hujampigia tapeli kumlaumu, maana ukimgutusha atazihamisha. Omba muamala urudishwe, toa taarifa polisi, hifadhi ujumbe wote bila kufuta hata salamu.

Baada ya siku chache huenda ukapigiwa na mtu mstaarabu, anayejua kiasi ulichopoteza hadi senti na jina la boti. Atasema yuko na kikosi cha kurejesha fedha, kwamba pesa zako zimeshapatikana zimezuiwa mahali, na kinachohitajika ni ada ndogo ya kuzifungulia. Ameyajua hayo yote kwa sababu ni yeye yule, au amenunua jina lako kwake. Ada yenyewe, kama ile arubuni, inatakiwa leo, kabla benki hazijafungwa.